Ibara ya Saba

Katika riwaya ninayoiandika (mwaka wa nne huu, kaunta buku la tatu) yumo wakili. Amevaa joho jeusi, anasimama mahakamani, anainua kidole, jaji anashusha miwani, na nyuma kule mama wa mshitakiwa anaangua kilio. Nilimwandika hivyo kwa sababu ndivyo mawakili walivyo katika sinema na katika vitabu vyote nilivyowahi kuazima. Kisha nikapata kazi katika ofisi ya wakili wa kweli. Nilikaa naye zaidi ya miaka mitatu, na sikumwona na joho hata siku moja.

Ndugu msomaji, kabla sijaenda mbali: mtu huyu nimemwomba ruhusa ya kuandika haya. Akafikiri kidogo, kama alivyo, akasema, "Kampuni usiitaje. Mimi usinitaje. Lakini hiyo ibara ya saba itaje."

Basi nitamwita Wakili. Kampuni ni ya vinywaji, iko hapa hapa Dar es Salaam, na inatosha.

Nilimaliza kidato cha nne na matokeo ya kusemwa kwa sauti ndogo. Nikabangaiza huku na huku mpaka mwaka 2020, mjomba akaniunganishia kazi ya utarishi. Nikapangiwa Kitengo cha Sheria. Kitengo chenyewe kilikuwa na watu wawili, Wakili na mimi, katika chumba cha mwisho wa korido, baina ya stoo ya karatasi na choo cha wanaume. Kazi yangu ilikuwa kubeba. Beba faili hili peleka Kisutu, beba mkataba huu nenda kaulipie ushuru wa stempu, beba barua ile mpelekee wakili wa nje, yaani wale wa mjini wenye joho, ambao kampuni iliwakodi kila ilipopelekwa mahakamani.

Na Wakili wetu je? Yeye alingoja. Lori letu limegonga bajaji: faili linaletwa. Dereva kafukuzwa, kakimbilia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi: faili. Mtu kakuta kitu ndani ya chupa: faili. (Hilo la kitu ndani ya chupa alilipenda. Alinihadithia habari za mama mmoja wa Scotland aliyekunywa kinywaji mwaka 1928, na ndani ya chupa, alidai, mlikuwa na konokono aliyeoza. Kesi ikaamuliwa 1932 na mpaka leo wanafunzi wa sheria wa Mlimani wanaisoma. Chupa moja tu!) Meneja wa Mauzo alikuwa akisaini mikataba asubuhi, sisi tukiletewa jioni tuitafutie kabati. Ofisini walimwita Mwosha Maiti. Kisirisiri, lakini alijua. Hakuitwa mpaka jambo liwe limeshakufa.

Mambo yalibadilika katikati ya 2021, alipokuja Mkurugenzi mpya. Katika kikao chake cha kwanza aliuliza swali moja: mwaka uliopita tumelipa kiasi gani kwa kesi, kwa mawakili wa nje na kwa fidia? Watu wakatazamana. Mhasibu akasema angelitafuta jibu. Wakili, aliyekuwa ameitwa tu kwa sababu kulikuwa na karatasi ya kugonga muhuri, akatoa daftari mfukoni. Alikuwa ameandika kila shilingi, kwa mkono, tangu aajiriwe. Na si shilingi tu, alikuwa ameandika na chanzo. Zaidi ya nusu ya madai yale yalitoka kwenye karatasi moja, fomu ya friji.

Mnazijua friji hizi. Ziko kila mtaa, zimechorwa nembo ya soda mbavuni. Kampuni inampa mwenye duka friji bure, yeye anaahidi kuweka humo vinywaji vya kampuni hiyo peke yake. Fomu yetu ilikuwa ya Kiingereza, kurasa nne, herufi za mchwa. Mama wa genge anaweka dole gumba, friji linashushwa. Miezi sita baadaye friji linagombaniwa, dereva anapigwa, polisi wanaitwa, na kule mwisho wa korido tunaletewa faili.

Kuanzia wiki ile Wakili akawa anaitwa kwenye kikao cha Jumatatu cha menejimenti. Mwezi wa pili tukahamishiwa juu, chumba chenye dirisha. Nilibeba makabati mwenyewe, na sijapata kubeba mzigo kwa furaha namna ile.

Nataka niseme hasa alichokuwa akikifanya, kwa sababu ukisikia "mwanasheria kashirikishwa kwenye biashara" unaweza kudhani ni cheo tu na kiti cha kuzunguka. Alianza kupanda lori la usambazaji. Kweli, na suruali ya kitambaa! Alikwenda Mbagala, Buguruni, Tandika kwetu, akawauliza akina mama wanadhani walisaini nini. Mauzo walipomletea jambo hakusema tena "sheria hairuhusi" na kurudisha karatasi. Aliuliza, "Mnataka kufika wapi?" kisha akatafuta njia. Kulikuwa na vijana wa mauzo waliokuwa wakipiga picha vitambulisho vya NIDA vya akina mama na kuzirusha kwenye kundi la WhatsApp, eti ndiyo kumbukumbu za kazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Wakili alilifuta kundi lile miezi mitano kabla, akawatengenezea utaratibu mwingine ambao wenyewe walikiri ulikuwa mwepesi zaidi.

Alikuwa na kitabu kimoja kinene akikiweka kando ya chai, cha Mmarekani aitwaye Ben Heineman. Huyu mwaka 1987 aliitwa na kampuni ya General Electric kuongoza wanasheria wake wa ndani, wakati ambapo, Wakili aliniambia, wanasheria wa namna hiyo hata huko Marekani walidharauliwa: walioshindwa kwenye ofisi kubwa za mawakili ndio walioonekana kukimbilia makampuni. Heineman akawavuta mabingwa kutoka ofisi hizo hizo, akawaketisha mezani pamoja na wenye biashara. Kitabu kilitoka 2016, na hoja yake kubwa, kwa jinsi nilivyotafsiriwa kwenye chai, ni kwamba mwanasheria wa ndani ana kofia mbili. Moja ya mshirika, nyingine ya mlinzi. Mshirika anakusaidia kufika unakokwenda. Mlinzi anakushika shati ukielekea shimoni.

"Na zote mbili unazivaa kichwa kimoja," Wakili alisema. Wakati ule nilicheka.

Sasa niingie mimi.

Mwaka huo huo 2021 Bunge lilibadilisha Sheria ya Tafsiri za Sheria, Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na ya kutoa haki. Wakili akaona mlango. Akamshawishi Mkurugenzi kwamba fomu ya friji iandikwe upya, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, isomeke. Mkurugenzi akakubali. Wakili akarudi ofisini, akanitazama, akasema, "Wewe si ndiye unayejaza makaunta buku usiku? Kaa hapa."

Sitasahau. Tarishi wa kidato cha nne naandika mkataba! Niliandika wiki mbili. Tulibishana kuhusu kila neno. Yeye akitaka "mkopeshwaji", mimi nikisema mama yangu akisikia "mkopeshwaji" atadhani ni ugonjwa. Tukaandika "wewe". Ibara ya kwanza mpaka ya sita zilitoka safi kama maji ya mtungi. Tukafika ya saba.

Ya Kiingereza ilisema kampuni yaweza kuliondoa friji wakati wowote, bila taarifa. Nikaiandika hivyo hivyo: "Kampuni inaweza kulichukua friji wakati wowote bila kukupa taarifa." Fomu ikapelekwa kikao cha Jumatatu, na mimi nikaitwa niisome. Meneja wa Mauzo, mzee mmoja mcheshi aliyekuwa akininunulia soda, akashika kichwa.

"Hii ya saba watakimbia wote, kijana. Robo hii nina friji mia tatu za kugawa. Wewe si mwandishi bwana? Ilainishe."

Nikaombwa nilainishe, mbele ya wakubwa, mimi. Nikachukua kalamu. Sikukaa hata dakika tano. Nikasoma: "Kampuni italihudumia friji na, pale itakapoona inafaa, italirejesha."

Mauzo akapiga makofi. Mkurugenzi akatabasamu. Wakili alikuwa ameshika kalamu, haijagusa karatasi.

"Italirejesha wapi?" akauliza.

"Ghalani, Wakili! Wapi tena?" Mauzo akacheka, wakacheka wote. Wakili naye akacheka kidogo, akaweka herufi zake pembeni ya ukurasa. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nilimwona. Na mimi nilijua. Mwandishi akikuambia hakujua neno lake lina pande mbili, anakudanganya. Nililichagua neno lile kwa sababu ya pande zake mbili, na kusema kweli nilijiona fundi.

Friji zikagawiwa. Kesi zikapungua, maana ibara nyingine zilikuwa nzuri kweli. Wakili akapandishwa mshahara, nami nikaitwa karani, si tarishi tena.

Mtaani kwetu Tandika kuna mama tunamwita Mama Barafu. Alinipa barafu za ubuyu za bure tangu nikiwa darasa la pili. Alikuwa mmoja wa waliopata friji lile, kwa fomu ile, na siku ya kusaini alitamba kibarazani kwamba karatasi imeandikwa na kijana wa mtaani. Sasa mama mwenye friji Tandika hawezi kuweka soda tupu. Aliweka ubuyu, ukwaju, samaki wa jirani, na mara moja moja maji ya kampuni nyingine. Fomu ilikataza. Ijumaa moja ya mwezi wa tatu, 2023, likaja pikapu na vijana watatu. Mimi nilikuwa kazini. Nilichokikuta jioni ni ubuyu umeyeyuka mfereji mzima, mwekundu, watoto wanakanyaga.

Lakini kilichonivunja si hicho. Mama Barafu hakuwa analia. Alikuwa ametulia kabisa. Aliwaambia wateja kuwa friji limepelekwa kuhudumiwa, limeandikwa litarejeshwa. Akapafagia mahali pake. Akatandika na kanga pasiingie vumbi. Kesho yake akapafagia tena. Nilimpita kila asubuhi nikienda kituoni, "Shikamoo mama," "Marahaba mwanangu, wamekwambia lini?" na mimi nikawa najibu, "Bado, mama." Siku nane! Siku ya tisa akaja nyumbani na fomu imekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni.

"Mwanangu, wewe ndiye msomi. Hapa si wamesema watalirejesha?"

Jumatatu niliingia ofisini kwa Wakili bila kubisha hodi. Nilisema mengi, mengine siyakumbuki. Alinisikiliza, kisha akasema kitu ambacho sikukitegemea: "Kisheria tuko sawa. Alivunja ibara ya tano." Nikamwambia, "Wakili, uliuliza 'italirejesha wapi'." Akanyamaza. Nikatoka.

Mchana alinifuata kwa mama ntilie, ambako hakuwa akifika siku hizi tangu tuhamie juu. Akaagiza wali maharage, hakula. Akaanza kuhadithia, na kwa kuwa ni mtu wa kesi alihadithia kesi. Mwaka 2010 mahakama ya juu ya Umoja wa Ulaya, kule Luxembourg, ilisema kwamba katika uchunguzi wa mambo ya ushindani, barua za mwanasheria aliyeajiriwa na kampuni hazina kinga ya siri kama za wakili wa nje. Kisa? Yeye ni mwajiriwa, hawezi kuwa huru mbele ya mwajiri wake kama alivyo huru wakili wa kukodiwa. Mawakili wa makampuni walikasirika. "Nami nilikasirika nilipoisoma," alisema. "Nilisema Wazungu hawa wanatutukana. Sasa jana usiku nimeifikiria tena."

Akahadithia ya General Motors. Kampuni ile ilikuwa na swichi mbovu ya kuwashia gari: gari liko mwendo, swichi inajirudisha, injini inazima, na likigonga mifuko ya hewa haifunguki. Madai yalikuja, na wanasheria wa ndani wakayamaliza moja moja, kimya kimya, kila faili peke yake. Mkuu wao wa sheria hakuletewa jambo lile mpaka mapema mwaka 2014, mwaka ambao magari kama milioni 2.6 yaliitwa yatengenezwe. Mfuko wa fidia ulioundwa baadaye ulikubali madai ya vifo 124. Watu 15 walifukuzwa kazi, wanasheria miongoni mwao.

"Hawa hawakuwa waosha maiti," alisema. "Walikuwa wanajua. Walikuwa mezani." Akasukuma sahani. "Nilipokuwa kule chini mwisho wa korido, lile neno nisingelipitisha. Ningelikata kwa wino mwekundu na wangenuna, maana walishazoea kuninunia. Juu kule nilitaka wasininunie."

Nimeyaandika maneno hayo kama alivyoyasema. Nilikwenda chooni nikayaandika kwenye kiganja.

Jumatatu iliyofuata aliomba ajenda. Nilitegemea atawasimulia habari za Mama Barafu na kanga yake. Hakumtaja. Aliwasimulia habari za friji za barafu za Ireland. Kampuni kubwa ya aiskrimu huko iligawa friji za bure madukani kwa sharti hilo hilo letu, isiwekwe aiskrimu ya mwingine. Maduka madogo hayana nafasi ya friji la pili, kwa hiyo mshindani, kampuni ya Mars, akakosa pa kuingilia. Mwaka 1998 Tume ya Ulaya ikasema sharti lile linavunja sheria ya ushindani, na mwaka 2003 mahakama ikakubaliana nayo. "Sisi hapa tunayo Sheria ya Ushindani ya 2003," akasema Wakili, "na tuna Tume yake. Na sisi ni wakubwa sokoni, tunajitangaza hivyo kwenye redio kila asubuhi." Kisha akaweka mezani daftari lake: friji 41 zilizochukuliwa, gharama za pikapu, wateja waliohamia kwa mshindani baada ya jirani yao kunyang'anywa.

Nilimuuliza baadaye kwa nini hakumtaja mama. Akasema machozi kikao kinayasikitikia na kuendelea na ajenda inayofuata, ila friji la Ireland linaingia kwenye bajeti. Labda ni kweli. Mimi mpaka leo limenikaa kooni, kwamba ilibidi Waairishi wasafiri mbali namna hiyo kuja kumtetea mtu wa Tandika. Meneja wa Mauzo alitoka kikaoni bila kumwaga Wakili, na tangu siku ile soda yangu ikakatika.

Fomu ikabadilishwa. Rafu ya chini ya friji ni ya mwenye duka, aweke anachotaka. Ibara ya saba nikaandikishwa upya, safari hii Wakili akiwa amekaa pembeni na kalamu nyekundu. Nilimaliza siku mbili kwenye sentensi nne: "Friji ni mali ya kampuni. Kampuni ikitaka kulichukua itakuletea barua siku 14 kabla, yenye sababu. Unaweza kuja ofisini kujieleza kabla siku hizo hazijaisha. Likishachukuliwa, halitarudi kwako." Haina ufundi wowote. Sijawahi kuandika kitu kigumu kama kile.

Friji la Mama Barafu lilikuwa limeshapelekwa Kigamboni kwa mtu mwingine, aliyesaini kihalali, na Wakili alikataa katakata kumnyang'anya mmoja ampe mwingine. Aliliandika jina la Mama Barafu kwenye orodha ya mgao uliofuata. Ulipofika, Mauzo walisema Tandika imeshatimia.

Mimi niliondoka pale mwishoni mwa 2023. Wakili bado yuko, bado juu. Nasikia siku hizi kikaoni anakaa karibu na mlango.

Kabla fomu mpya haijapigwa chapa niliichukua nakala moja, nikampelekea Mama Barafu. Alikuwa amekaa palepale pa friji, na deli la plastiki miguuni. Nikamsomea ibara ya saba polepole, kama nilivyokuwa nikimsomea mama shairi la shuleni. Aliniambia nirudie. Nikarudia.

"Hii ndiyo yenyewe?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Na ile ya kwanza nani aliandika?"

Nikamwambia.

Akatazama barabarani, mwendo mrefu. Akasema, "Ningeweka dole hata kama ingekuwa hii. Friji nilikuwa nalihitaji. Ila nisingefagia pale siku zote zile."

Kisha akafunua deli, akanipa ubuyu mmoja wa barafu. Nikatoa mia mbili. Akaipokea.